Kufuatilia takwimu za maradhi ya mripuko Unguja na Pemba: waliopimwa, waliolazwa na waliofariki

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkaazi wa Unguja au Pemba ambaye si daktari wala mtakwimu, lakini anataka kujua, pale maradhi ya mripuko yanapoingia, kama hali ya eneo lake inapanda, inashuka au imesimama. Vifaa vinavyohitajika ni daftari la mistari, kalamu, simu yenye kikokotoo, na subira ya kuandika mara moja kila wiki bila ya kuruka. Mifano nimeitoa katika UVIKO-19 na kipindupindu, maradhi mawili yaliyowazoesha Wazanzibari kukaa mbele ya redio wakisubiri idadi, lakini utaratibu wenyewe haubadiliki sana kwa mripuko mwengine wowote.

Msimamo wangu ni bora niueleze mapema, kwa kuwa ndio uliopanga sehemu zote zinazofuata. Kwa visiwa vyetu, idadi ya kutazamwa kwanza ni ya waliolazwa. Idadi ya walioambukizwa hutegemea nani amepimwa, na hapa kwetu wanaopimwa huwa ni mchanganyiko wa wagonjwa, wasafiri na watu waliokutana na mgonjwa. Idadi ya vifo nayo huchelewa, na sehemu ya vifo hutokea majumbani. Mtu anayelazwa, kwa kawaida, amelazwa kwa sababu anaumwa, na kitanda chake huhesabiwa na muuguzi asubuhi na jioni.

Pa kuzipata takwimu, na pasipofaa kuzitafuta

Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina Wizara yake ya Afya, na taarifa za maradhi ya visiwani hutolewa na wizara hiyo. Za Bara hutolewa na Wizara ya Afya ya huko. Majedwali ya kimataifa, kinyume chake, huiweka Tanzania katika mstari mmoja. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 61,741,120 katika Tanzania nzima, na kati yao 1,889,773 walikuwa Zanzibar, yaani takriban watu watatu katika kila mia. Pemba peke yake, yenye watu 543,441, haifiki hata mmoja katika kila mia. Kwa hiyo grafu ya Tanzania inaweza kushuka vizuri kabisa wakati Micheweni wagonjwa wanalala wawili wawili, na inaweza kupanda kwa sababu ya Dar es Salaam pekee huku Wete kukiwa shwari. Anayetaka kujua hali ya kisiwani asianzie huko.

Aanzie kwenye taarifa kwa umma ya Wizara ya Afya, ile yenye tarehe na jina la aliyeitia saini, ambayo husomwa ZBC na kuchapishwa katika Zanzibar Leo. Pale taarifa za kila wiki zinapokosekana, hotuba ya bajeti ya Wizara ya Afya katika Baraza la Wawakilishi, inayosomwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza mwezi wa Julai, hubeba idadi nyingi za mwaka mzima, ingawa wasomaji wengi huipita kwa kudhani kwamba ni mambo ya fedha tupu. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutoa idadi ya watu kwa mkoa, wilaya na shehia, ambayo utaihitaji kila unapotaka kulinganisha. Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii ndio wenye daftari la vizazi na vifo. Kwa miripuko mikubwa, jarida la kila wiki la Ofisi ya Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani hueleza kila nchi inayopambana na mripuko, na mara nyengine huitaja Zanzibar mbali na Bara. Hilo ni la kusoma kwa kuthibitisha, si la kutegemea.

Kuna wakati ambapo chanzo hunyamaza, na hapo ndipo wafuatiliaji wengi hupotea. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na siku chache baadaye Zanzibar nayo ikatangaza wa kwake. Ilipofika mwanzoni mwa Mei mwaka ule taarifa zilikoma, na katika majedwali ya dunia Tanzania ikabaki na watu 509 walioambukizwa na 21 waliofariki kwa zaidi ya mwaka mmoja, hadi takwimu zilipoanza kutolewa tena katikati ya 2021. Aliyeifungua grafu ile Disemba 2020 aliona mstari ulionyooka kama wa nchi isiyo na mgonjwa hata mmoja. Ndani ya kipindi hicho hicho, tarehe 17 Februari 2021, alifariki Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimekwishatangaza kwamba amekutwa na virusi hivyo. Mstari haukutikisika.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya kwanza ya daftari ni kutofautisha sifuri na ukimya. Wiki ambayo wizara imesema kuwa hakuna mgonjwa mpya, andika 0. Wiki ambayo haikusemwa kitu, piga mstari mfupi, na usije ukaujaza baadaye kwa kukisia.

Daftari lenyewe

Tenga ukurasa mmoja kwa kila mkoa unaoufuatilia. Mtu wa Chake Chake atahitaji Kusini Pemba, na pengine Kaskazini Pemba kwa kuwa wagonjwa huvuka mpaka huo kila siku. Hana haja ya kuandika mikoa yote mitano. Wiki ihesabiwe kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, kwa kuwa ndivyo inavyohesabiwa katika ufuatiliaji wa maradhi wa nchi za Afrika, na kila wiki ipewe namba yake ya mwaka. Katika kila mstari andika tarehe iliyotolewa taarifa, kipindi ambacho taarifa inakizungumzia, waliopimwa, waliokutwa na maradhi, waliolazwa wapya, waliokuwa wodini siku ya mwisho wa wiki, waliofariki, na mwishoni kabisa chanzo. Tarehe ya taarifa na kipindi kinachozungumziwa ni vitu viwili, na kuvichanganya ndiko kunakozaa ugomvi mwingi wa barazani: mmoja anasema wamekufa watatu jana, mwengine anasema wametangazwa watatu jana, na wote wawili hawajui kwamba watatu hao walifariki katika siku tofauti za wiki iliyotangulia.

Angalia pia kama idadi uliyopewa ni ya wapya au ni jumla tangu mripuko ulipoanza. Jumla haishuki hata siku moja, na msomaji wa habari akiisoma kwa sauti nzito huwatia watu hofu bila ya sababu. Ukipewa jumla pekee, toa ya wiki iliyopita katika ya wiki hii, utapata wapya. Ikiwa jibu limetoka chini ya sifuri, maana yake hesabu zimesahihishwa nyuma. Liandike kama lilivyo na uweke alama pembeni.

Tuchukue wiki mbili za kubuni ili ionekane jinsi daftari linavyofanya kazi. Katika wiki ya 14 ya mfano wetu wamepimwa watu 212, wamekutwa na maradhi 19, wamelazwa wapya 11, Jumapili usiku wako wodini 23, na amefariki mmoja. Katika wiki ya 15, ambayo imeangukia sikukuu ya Idi, wamepimwa 96, wamekutwa 14, wamelazwa wapya 13, wako wodini 29, na amefariki mmoja. Kichwa cha habari kitasema kwamba maambukizi yamepungua kutoka 19 hadi 14, na hakitakuwa kimesema uongo. Lakini gawanya: 19 kwa 212 ni asilimia tisa, na 14 kwa 96 ni karibu asilimia kumi na tano. Waliopungua ni waliokwenda kupimwa, kwa sababu ya Idi, na wanaolazwa wameongezeka. Mwenye daftari ataisoma wiki ile kuwa ni ya kupanda, na aliyesikiliza redio peke yake atatoka kwenda kutembeza mkono wa Idi nyumba kwa nyumba.

Kutoka mistari hiyo hiyo miwili unaweza kupata jambo ambalo hukutangaziwa. Waliokuwa wodini 23, ukiwaongeza 13 wapya, wanakuwa 36. Waliobaki ni 29, basi saba wameondoka. Mmoja amefariki, na sita ama wameruhusiwa ama wamehamishwa kwa rufaa. Hesabu hii ikikataa kukubali kwa wiki mbili tatu mfululizo, ama kuna wodi isiyotajwa katika taarifa, ama wanaohesabiwa katika safu moja si wale wanaohesabiwa katika safu nyengine.

Waliopimwa

Idadi ya waliokutwa na maradhi isiandikwe peke yake hata mara moja. Wanane waliokutwa kati ya 40 na wanane waliokutwa kati ya 400 ni habari mbili zisizofanana. Mwezi wa Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba, kwa UVIKO-19, kiwango cha waliokutwa na virusi kikae chini ya asilimia tano kwa muda usiopungua wiki mbili kabla ya kulegeza masharti, pale ambapo upimaji ni wa kutosha na wa aina moja. Masharti hayo mawili ya mwisho husahauliwa, nayo ndiyo yenye uzito Zanzibar.

Kisiwa cha watalii hupima watu wazima wenye afya. Katika miaka ya UVIKO-19 msafiri aliyetaka kupanda ndege alitakiwa kuwa na cheti cha kipimo, na mtu anayejiandaa kurudi kwao baada ya mapumziko ya Nungwi au Paje kwa kawaida haumwi. Ukiwachanganya wasafiri mia tatu na wagonjwa hamsini waliofika hospitali wakikohoa, kiwango cha jumla kitaonekana kizuri hata kama nusu ya wale wanaokohoa wamekutwa na virusi. Kwa hiyo tafuta katika taarifa kama vipimo vya wasafiri vimetengwa. Kama havikutengwa, linganisha mwezi na mwezi wenye wageni sawa, usilinganishe Agosti yenye hoteli zilizojaa na Mei ya masika ambapo baadhi ya hoteli hufunga.

Jambo jengine ni kama wanahesabiwa watu au sampuli. Mgonjwa aliyelazwa anaweza kupimwa mara tatu kabla ya kuruhusiwa, na akihesabiwa mara tatu huipandisha idadi ya vipimo bila ya kuongeza mtu. Pia muulize anayejua ni aina gani ya kipimo, kwa kuwa kipimo cha haraka kinachojibu ndani ya dakika chache hupitwa na wagonjwa zaidi kuliko kipimo cha maabara cha PCR, na siku ambayo vituo vinabadilisha kutoka kimoja kwenda chengine, mstari wako utaruka au utazama bila ya maradhi kubadilika.

Kwa kipindupindu mambo ni tofauti kidogo. Choo cha wagonjwa wa mwanzo huoteshwa maabara, yaani vijidudu vyake hukuzwa ili vitambuliwe, na Pemba ina bahati ya kuwa na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, iliyoanza kazi mwaka 2000. Mripuko ukishathibitishwa hakuna haja ya kuotesha choo cha kila anayeharisha. Anayefikia vigezo huhesabiwa kuwa mgonjwa anayeshukiwa na hutibiwa papo hapo. Basi ukiona wagonjwa 60 na waliothibitishwa 7, usidhani kwamba 53 walikuwa na tumbo la kawaida. Ziandike idadi zote mbili, kila moja katika safu yake, na usizijumlishe.

Waliolazwa

Hapa ndipo pa kutulia. Neno "waliolazwa" katika taarifa linaweza kubeba maana mbili: waliopokelewa wodini katika kipindi hicho, au waliomo wodini katika siku fulani. Ya kwanza inaonyesha kasi ya maradhi. Ya pili inaonyesha mzigo ulioko juu ya wauguzi. Wakilazwa watano kila siku na kila mmoja akakaa siku nane, wodi itatulia kwenye wagonjwa 40. Wakianza kuruhusiwa baada ya siku nne, wodi itatulia kwenye 20, na idadi ya wanaougua mitaani haikupungua hata kidogo. Kwa hiyo waliomo wodini wakipungua, kabla ya kufurahi tazama safu ya wapya; ikiwa imesimama palepale, huenda kilichobadilika ni utaratibu wa kuruhusu wagonjwa.

Utaratibu wa kupokea nao hubadilika. Mwanzoni mwa 2020 nchi nyingi zilimweka kila aliyekutwa na virusi katika kituo cha kutengwa, hata asiyekuwa na mafua, na baadaye wenye hali nyepesi wakaachwa wajitenge nyumbani. Idadi ya kabla na ya baada ya mabadiliko hayo haziwezi kusomwa katika mstari mmoja. Pale unapopata habari kwamba masharti yamebadilishwa, piga mstari mwekundu chini ya wiki hiyo na uanze kusoma upya kutoka hapo.

Kisha kuna suala la mgonjwa anahesabiwa wapi. Mtu wa Makunduchi akizidiwa hupelekwa Hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini Unguja, na mtu wa Mkoani anaweza kuanzia Hospitali ya Abdulla Mzee na kumalizia Unguja. Akihesabiwa alipotibiwa, Mjini Magharibi itaonekana imeelemewa na Kusini itaonekana imesalimika. Akihesabiwa anapoishi, picha inakaribia ukweli wa maambukizi, lakini haisemi hospitali gani imejaa. Taarifa nyingi hazielezi zimetumia njia ipi, na hili mimi naliona ni kasoro kubwa kuliko kuchelewa kwa taarifa. Afisa wa afya wa wilaya akifika kwenye kikao cha shehia, swali hili ni la kumuuliza kabla ya jengine lolote, kwa sababu ni rahisi kulijibu na jibu lake linabadilisha maana ya ukurasa mzima.

Tena, miaka ya karibuni hospitali zimeongezeka. Fedha za ahueni ya UVIKO-19, zilizotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa 2021, ziliiwezesha Zanzibar kujenga hospitali mpya za wilaya pamoja na hospitali ya mkoa pale Lumumba. Hospitali ikisogea karibu, watu waliokuwa wakijitibu nyumbani huanza kulazwa. Anayelinganisha waliolazwa wa kipindi cha 2021 na wa mripuko wowote wa baadaye akumbuke kwamba vitanda si vilevile.

Kwa maradhi ya kifua ulizia pia wangapi wako kwenye oksijeni na wangapi wako katika chumba cha wagonjwa mahututi. Idadi hiyo ni ndogo, hubadilika polepole, na haiathiriwi sana na nani aliyepimwa. Kwa kipindupindu safu hiyo haina kazi; badala yake andika wangapi wako kambini, maana ndivyo watu wetu wanavyokiita kituo cha muda cha kutibia maradhi hayo, na kambi ikifunguliwa sehemu mpya au kufungwa, tarehe yake nayo ni takwimu.

Waliofariki

Vifo hufuata nyuma, na urefu wa kuchelewa hutegemea maradhi. Kwa UVIKO-19 mgonjwa huanza kuona dalili siku chache baada ya kuambukizwa, hulazwa takriban wiki moja baada ya dalili, na akifariki mara nyingi huwa ni wiki mbili au tatu tangu alipoanza kuumwa. Vifo vya wiki hii basi vinasimulia maambukizi ya mwezi uliopita, na vitaendelea kupanda kwa muda hata baada ya wagonjwa wapya kuanza kupungua. Kipindupindu hakingoji: mtu mzima anaweza kukaukiwa na maji na kufariki ndani ya saa chache, kwa hiyo safu ya vifo na safu ya wagonjwa huinuka pamoja.

Ukitaka kujua maradhi yanaua kwa kiasi gani, gawanya vifo kwa wagonjwa. Mripuko wa kwanza wa kipindupindu kurekodiwa Zanzibar, mwaka 1978, uliandikwa wagonjwa 411 na vifo 51, yaani kiasi cha watu kumi na wawili katika kila mia. Shirika la Afya Duniani linataka kipindupindu kinachotibiwa vizuri kiue chini ya mmoja katika mia. Tofauti hiyo ni ya dripu, chumvichumvi za kunywa na mgonjwa kufikishwa mapema. Hesabu hii lakini ina mtego wake. Maradhi yakiwa bado yanapanda, wengi katika wagonjwa unaowagawanyia bado wamo kitandani na haijajulikana watapona au vipi, hivyo kiwango huonekana kidogo kuliko kilivyo. Kinyume chake, wagonjwa wenye hali nyepesi wasipofika kituoni kiwango huonekana kikubwa. Kifanyie hesabu mripuko ukishatulia, na kabla ya hapo kiandike kwa penseli.

Kifo cha nyumbani ndicho kinachokosekana zaidi. Kwa ada yetu maiti haikai. Aliyefariki alfajiri mara nyingi huzikwa adhuhuri au alasiri ya siku hiyo, sheha akipewa habari na majirani wakishachimba kaburi. Sababu ya kifo katika mazingira hayo ni maneno ya familia: alikuwa na presha, alikuwa na kifua. Cheti cha kifo wengi hukifuata baadaye, wanapotaka kugawa mirathi au kushughulikia kiinua mgongo, na hapo tena huandikwa kwa tarehe ya usajili ambayo inaweza kuwa mbali na tarehe ya mazishi. Anayeyasoma madaftari ya usajili lazima apange kwa tarehe ya kufariki, la sivyo ataona wimbi la vifo ambalo kwa hakika ni wimbi la watu waliokwenda ofisini.

Njia inayovuka tatizo la sababu ni kuhesabu vifo vya ziada. Unachukua vifo vyote vya mwezi, kwa sababu yoyote, unalinganisha na wastani wa mwezi huohuo katika miaka kama mitano ya kawaida, na kinachozidi ndicho cha kutafutiwa maelezo. Kwa njia hii Shirika la Afya Duniani lilikadiria, katika taarifa yake ya Mei 2022, kwamba dunia ilipoteza watu wa ziada milioni 14.9 katika 2020 na 2021, ilhali vifo vilivyoripotiwa kuwa ni vya UVIKO-19 katika miaka hiyo vilikuwa takriban milioni 5.4. Katika shehia moja hesabu hiyo inaweza kufanywa na sheha mwenye daftari lililotunzwa vizuri, na jibu lake litakuwa na maana kuliko makisio mengi ya mbali, mradi shehia isiwe ndogo kiasi kwamba vifo viwili vinabadilisha kila kitu.

Wapo wanaohesabu matangazo ya vifo yanayosomwa ZBC. Si jambo la kudharauliwa: matangazo hayo ni ya zamani, yanasikilizwa visiwa vizima, na msikilizaji wa kila siku hutambua mapema orodha inaporefuka. Lakini hayataji sababu, hutegemea jamaa kupeleka habari, na mtu mwenye jamaa wengi walioenea hutangazwa zaidi kuliko asiye na jamaa. Yatumie kama dalili ya kukufanya uulize, na uyaandike katika ukurasa wa pembeni, mbali na safu za wizara. Vilevile usisahau wanaofariki wakiwa wamepelekwa Muhimbili; mkaazi wa Zanzibar aliyefia Dar es Salaam anaweza asionekane katika hesabu ya visiwani.

Idadi ndogo na watu wachache

Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 893,169 katika sensa ya 2022, na Kusini Unguja 195,873. Tuseme wiki moja wamelazwa watu 30 wa Mjini Magharibi na 12 wa Kusini. Gawanya kila idadi kwa wakaazi wake kisha zidisha kwa 100,000: Mjini Magharibi inapata 3.4 na Kusini 6.1. Kusini ndiko kulikoelemewa, ingawa redio itaitaja Mjini kwanza. Wageni wa hoteli wasiwekwe katika idadi ya waliolazwa ikiwa hawamo katika idadi ya wakaazi unaowagawanyia, kwa kuwa sensa ya wakaazi haiwahesabu watalii wa Jambiani.

Asilimia zisitumike pale idadi inapokuwa chini ya kumi hivi. "Vifo vimeongezeka kwa asilimia mia" huenda ikawa ni kutoka kimoja hadi viwili, na vifo viwili katika wilaya ya Micheweni vinaweza kutokea kwa sadfa. Andika idadi yenyewe, na ulinganishe jumla ya wiki nne na jumla ya wiki nne zilizotangulia badala ya wiki na wiki. Njia hiyo hufyonza pia athari za Idi, za Mapinduzi ya tarehe 12 Januari na za mvua kubwa za masika, siku ambazo watu hawafiki vituoni na hesabu huanguka kisha huruka.

Kuhusu yanayozunguka katika WhatsApp, maneno hayatakuwa mengi. Barua isiyo na tarehe, sauti ya "daktari mmoja wa Mnazi Mmoja" asiyetajwa jina, na jedwali lililokatwa juu pasionekane chanzo havina nafasi katika daftari. Picha yenye jina la mgonjwa ifutwe, hata kama ni ya kweli.

Kumaliza ukurasa

Mripuko haumalizwi na siku moja isiyo na mgonjwa. Kwa kipindupindu hungojwa angalau wiki nne mfululizo ambazo kila anayeshukiwa amepimwa na hakukutwa nacho. Kwa UVIKO-19 Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura ya kimataifa tarehe 5 Mei 2023, bila ya kusema kwamba maradhi yamekwisha, na takwimu za nchi nyingi zikapungua kutoka za kila siku hadi za wiki, kisha za mwezi. Taarifa zikianza kuadimika namna hiyo, badilisha daftari liwe la mwezi badala ya kuliacha, na endelea na safu mbili pekee: waliolazwa wapya na waliofariki.

Hotuba ya bajeti inayofuata ikisomwa, jumlisha safu zako za mwaka mzima na uziweke kando ya idadi iliyotajwa Barazani. Angalia kwanza kama hotuba inazungumzia mwaka wa kalenda au miezi tisa ya mwaka wa fedha, kuanzia Julai hadi Machi, kwa sababu mara nyingi tofauti yote imejificha hapo. Ikiwa bado hazikubaliani, tafuta wiki ulizopiga mstari mfupi, hesabu ni ngapi, na uone kama pengo linaweza kutosha ndani yake. Likizidi hapo, liandike kwa barua fupi yenye namba za wiki na chanzo cha kila mstari, na uipeleke ofisi ya afya ya wilaya.